Huyo Aliyeandikwa Kwenye Simu Yako Siye Aliyeimba

Wadau, leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Nina ubuyu mwingine, na huu unakuhusu wewe mwenyewe, maana ushahidi uko kwenye kompyuta yako hapo geto. Fungua folda ya nyimbo. Shuka mpaka chini kabisa, kule usikopendaga kufika. Utakuta "Track 04". Utakuta "Unknown Artist". Utakuta AUD na namba ndefu kama ya NIDA. Halafu utakuta kitu kibaya kuliko vyote hivyo: wimbo wenye jina kamili, picha kali, mwaka na kila kitu, na vyote ni uongo.

Ugomvi wangu uko hapo pa mwisho. Wimbo usio na jina haunitishi. Unaonitisha ni ule wenye jina lisilo lake.

Hao wasio na majina kwanza tuwaonee huruma, hawana kosa. CD ya muziki ya kawaida, ile iliyoanza kuuzwa 1982, haikuwekewa majina ya nyimbo ndani yake. Ina sauti na vipimo vya kila wimbo, basi. Kompyuta ilikuwa inahesabu nyimbo ziko ngapi na kila mmoja unaanzia wapi, halafu inaenda kuuliza intaneti: CD yenye vipimo hivi ni ya nani? Sasa miaka ile nani mtaani alikuwa na intaneti ya kuchezea? Jamaa wa kuchoma CD alikuwa na kibanda, kompyuta moja, spika mbili na feni. Akihamisha nyimbo, kompyuta haina pa kuuliza, inaandika Track 01, Track 02, inaendelea na maisha. Na CD nyingi za kwetu hata ungekuwa na intaneti usingezikuta huko, maana hakuna aliyekuwa ameziingiza.

Mp3 nayo ilikuja hivyo hivyo, sauti bila jina. Mwaka 1996 jamaa anaitwa Eric Kemp akabuni tagi, yaani kikaratasi kidogo cha baiti 128 kinachobandikwa mwishoni mwa faili. Herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maelezo, na namba moja ya aina ya muziki. Herufi 30! Hebu hesabu majina ya kolabo moja tu ya Kibongo uone. Mwenye wimbo anaenea, wa pili anabaki nusu, na dada wa kiitikio anakatwa moja kwa moja. Ile orodha ya kwanza ya aina za muziki nayo ilikuwa na aina 80. Polka imo. Taarabu haimo. (Sina ubaya na polka, sijawahi hata kuisikia.) Mwaka 1998 likaja toleo la pili la tagi lenye nafasi kubwa, linaenea jina la kila mtu mpaka mtunzi. Kwa hiyo kisingizio cha "nafasi haitoshi" kimekufa tangu 1998. Wengi tunaosoma hapa tulikuwa hatujazaliwa.

Sasa nikupe kisa. Majina sitaji, na ukimjua mhusika naomba ukae nalo moyoni.

Kuna mama mmoja huku kwetu uswahilini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, akiwa binti, aliitwa studio kuimba kiitikio cha wimbo mmoja. Bongo Fleva ndo inachemka, kaseti zinauzwa stendi, na yeye malipo yake yalikuwa nauli na chipsi. Wimbo ukapiga redioni, ukachezwa kwenye harusi, ukapita kama zinavyopita nyimbo. Kwenye kava la kaseti jina lake halikuwepo.

Juzi kati kulikuwa na kichen pati ya binti wa jirani. DJ akaingia kwenye zilipendwa, wimbo ukapigwa, yule mama akajikuta anasema, "Hiyo sauti ya kike hapo ni mimi." Akasema kawaida tu, kama mtu anayekwambia kiatu hiki nilinunua Kariakoo. Mdada mmoja mezani akatoa simu, na yeye anao wimbo huo huo. Akageuza kioo watu waone. Kwenye sehemu ya msanii limeandikwa jina la yule mwenye wimbo, halafu pembeni jina la staa mmoja mkubwa wa kike, yule ambaye mimi na wewe tunamjua.

"Mama, samahani, lakini simu inasema siyo wewe."

Meza ikacheka. Na yeye akacheka, akaendelea na pilau lake. Mwanaye alikuwepo, dogo wa miaka kama 13. Yule dogo hakucheka, alikuwa anaangalia sahani.

Utaniuliza, na wewe umejuaje kama huyo mama hajitungii? Swali zuri sana, naomba ulitunze, tutalihitaji mbele. Nilimtafuta aliyerekodi wimbo ule. Bado yupo mjini, siku hizi anapiga zaidi video za harusi. Sikumpa jina. Nilimuuliza tu, "Bro, yule dada wa kiitikio alikuwa nani?" Akalitaja mwenyewe, na mtaa aliokuwa anakaa, na kwamba siku ile umeme ulikatika wakasubiri mpaka saa nne usiku. Nikarudi kwa mama, nikamuuliza siku ile ilikuwaje. Kabla sijamaliza akaniambia habari ya umeme.

Simu ilijuaje sasa kwamba ni yule staa? Haikujua chochote. Mtu mmoja, siku moja, alisikia sauti nyembamba ya kike akasema hii lazima fulani, akaandika. Faili likapita kwa fleshi, likapandishwa kwenye tovuti ya kushusha nyimbo, likashushwa na maelfu. Leo ukitafuta utakuta kote limeandikwa hivyo hivyo, unasema basi ni kweli. Watu elfu wanakubaliana, ila wote wamenakili kwa mmoja. Huyo ni shahidi mmoja mwenye fotokopi nyingi.

Staa mwenyewe hajawahi kusema wimbo ni wake. Hajawahi kusema si wake pia. Na nyie mnaowajua mastaa wetu mnajua kwamba kukaa kimya nako kunalipa.

Najua kuna anayesema hapo, "Ila blogu yako nayo, si ni wimbo tu jamani?" Sawa. Tagi siyo hati ya kiwanja, huwezi kwenda nayo mahakamani ukasema huyu ndo mwenye mali. Lakini ndo kitu pekee watu wanachosoma. Mtu wa redio akitaka kumtafuta muimbaji kwa mahojiano, anasoma pale. Anayetaka kuomba ruhusa autumie wimbo kwenye tangazo, anaanzia pale. Dogo wa miaka 13 anayetaka kuwaonyesha wenzake shuleni kwamba mama yake naye aliwahi kuimba, anasoma pale pale. Na pale pameandikwa mtu mwingine.

Halafu kuna hawa wengine, nao siwataji, maana wana watu wengi mtandaoni kuliko mimi. Ni wale wa kupakia nyimbo ambao kwenye nafasi ya msanii wanaandika jina la tovuti yao. Kwenye albamu, jina la tovuti. Kwenye picha, nembo ya tovuti. Kuna mmoja ameweka mpaka sura yake na miwani. Kwenye kompyuta yangu, kabla sijafanya usafi, msanii mwenye nyimbo nyingi kuliko wote alikuwa tovuti. Ana nyimbo 312, taarabu, singeli, rumba, injili, huyo jamaa anaimba kila kitu!

Nilimwandikia mmoja wao, akanijibu kwa heshima kabisa. Hoja yake: yeye alinunua bando, akatafuta wimbo, akaupandisha, bila yeye ungepotea, sasa kuna ubaya gani watu wakijua umetoka kwake? Na kusema ukweli ana hoja. Nyimbo nyingi za 2002, 2003 zipo hai leo kwa sababu ya watu wa vibanda na watu wa fleshi, siyo kwa sababu ya studio. Wengi wenye studio zile wenyewe hawana hata nakala. Heshima yao wanastahili. Lakini kaka, kwenye tagi kuna sehemu inaitwa maelezo. Imewekwa tangu 1996 kwa kazi hiyo hiyo. Andika hapo "imepandishwa na fulani", jaza upendavyo. Nafasi ya msanii ina mwenyewe.

Kuna na ugonjwa wa kugawa watoto yatima kwa mababa maarufu. Reggae yoyote yenye furaha ikikosa baba inapewa Bob Marley. Rumba yoyote ya Kikongo anapewa Franco. Taarabu yoyote yenye sauti ya mkwaruzo anapewa Bi Kidude. Ule wimbo wa "Don't Worry, Be Happy" ndo mfano wa dunia nzima, mpaka leo utaukuta kwenye fleshi za madereva umeandikwa Bob Marley. Wimbo ni wa Bobby McFerrin, ulitoka 1988. Bob Marley alifariki Mei 1981. Yaani hapo huhitaji programu yoyote, unahitaji kutoa namba moja kwenye nyingine. Halafu McFerrin aliufanya wimbo ule kwa mdomo na mwili wake tu, hakuna ala hata moja. Mtu kafanya kazi ya bendi nzima peke yake, jina anapewa mwingine.

Kwenye dansi letu mambo yanakuwa magumu kidogo, na mimi hapa ndo napapenda. Msondo Ngoma unaowajua walianza 1964 wakiitwa NUTA Jazz. Baadaye wakawa JUWATA, baadaye OTTU, ndo ikaja Msondo. Majina yalikuwa yanafuata chama cha wafanyakazi kilichokuwa kinaimiliki bendi. Sasa una wimbo wa kipindi cha NUTA, uandike nani? Mimi naandika jina la siku ile, NUTA Jazz, halafu kwenye maelezo naweka "baadaye Msondo Ngoma". Kuna watu wanaandika Msondo kwa vyote ili folda ionekane nadhifu. Folda inakuwa nadhifu kweli, na historia inakuwa imepigwa deki ikaondoka na maji.

Au Mbaraka Mwinshehe. Alikuwa Morogoro Jazz mpaka 1973, akaondoka akaanzisha Super Volcano, akafariki kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979. Kwa hiyo ukiona tagi inasema Mbaraka na Morogoro Jazz, mwaka 1977, simama kidogo. Ama bendi siyo hiyo, ama mwaka siyo huo, ama huo ni mwaka wa kutolewa tena kwenye mkusanyiko. Mwaka ndo sehemu inayodanganya kuliko zote. Mikusanyiko ya zilipendwa inatolewa 2005, kompyuta inaandika 2005, na mtu aliyefariki 1979 anaonekana katoa albamu mpya akiwa kaburini. Na ile AUD-20190314 ya WhatsApp, hiyo ni siku faili lilipopita WhatsApp. Usije ukaandika wimbo ni wa 2019, nakuomba.

Mtasema basi tutumie Shazam, yaishe. Tumia, naitumia kila siku. Ilianza Uingereza 2002, enzi hizo unapiga 2580, unaishikilia simu karibu na spika, unaletewa jina kwa meseji. Kwa kompyuta kuna programu ya bure inaitwa MusicBrainz Picard, unaimwagia mafaili mia tano, inachukua alama ya sauti ya kila moja kama alama ya kidole, inaenda kulinganisha, inakurudishia majina. Ya kuandika kwa mkono natumia Mp3tag, kwenye Windows ni bure pia. Mimi shule niliishia kidato cha nne na hizi zote nimejifunza kwa kubofya bofya, kwa hiyo usiniambie ni ngumu.

Ila elewa mashine inafanya nini. Inafananisha rekodi, haijui muziki. Wimbo ule ule ukirudiwa studio nyingine, kwake ni kitu kingine. Wimbo uliorekodiwa kutoka redioni kwa kaseti, deki ikiwa inakimbia kidogo, sauti inapanda, na mara nyingi mashine inashindwa. DJ akiongea juu yake, taabu. Na hata ikipata, jina inalokupa liliandikwa na binadamu mwenzako mahali fulani. Binadamu huyo akiwa alibahatisha, mashine itakuletea kubahatisha kwake kwa kujiamini kabisa. Wimbo wa yule mama niliuweka, ukarudi na jina la yule staa!

Kwa hiyo rudi kwenye masikio. Nyimbo za mwanzo za Bongo Fleva zina faida moja, maprodyuza walikuwa wanapenda kujitaja. Sikiliza sekunde kumi za mwanzo na za mwisho, studio inajitangaza yenyewe. Wasanii nao wanatajana, wanataja mitaa. Ukishajua studio umebakiza watu wachache wa kuwauliza. Angalia na urefu wa wimbo, mafaili mawili yenye jina moja, moja dakika 3 na nusu, jingine dakika 5, ujue kuna rimiksi au kuna kipande cha mtu kimekatwa, na anayekatwa mara nyingi ni yule asiye na jina.

Kwa dansi na taarabu, tafuta wazee. Siyo utani. Nilimpelekea mzee mmoja, fundi cherehani, faili lililonishinda mwezi mzima. Gitaa liliposikika tu akainua mkono nikae kimya. Akataja bendi, akataja mpiga solo, akanitajia na ukumbi aliowaonea. Ila ukimwendea mzee usimtajie jina kwanza. Ukimwambia "Mzee shikamoo, hii si ni Sikinde?" atakuitikia "Marahaba, naam, Sikinde," kwa sababu hataki kukuvunja moyo, au kwa sababu umeshamwingizia. Mwache aseme mwenyewe. Halafu muulize mwingine peke yake. Wakikubaliana bila kukutana, andika.

Wasipokubaliana, acha wazi. Hapa ndo najua tutagombana, maana watu wanachukia nafasi tupu kama deni. Folda yote imejaa majina, mmoja unasema "Haijulikani", mkono unawasha. Usiguse. Nafasi tupu inamwambia anayekuja nyuma yako kwamba kazi bado, itafutwe. Jina la uongo linamwambia kazi imeisha, na hakuna anayetafuta tena. Mimi kama nina fununu tu naiweka kwenye maelezo: "huenda ni fulani, nimeambiwa na mzee mmoja, hajathibitisha mwingine". Ni maneno mengi, lakini nafasi ipo, si tumeshasema tangu 1998.

Na ukishajua kwa uhakika usibaki nayo geto. Ile hazina ya MusicBrainz inajazwa na watu wa kawaida, unafungua akaunti bure, unaingiza wimbo, wengine wanakagua. Ukiingia sasa hivi utafute Bongo Fleva ya zamani utaona mashimo yalivyo mengi. Wazungu wameingiza mpaka nakala ya Ujapani ya albamu moja yenye kava tofauti, sisi hatujaingiza hata aliyeimba kiitikio.

Wa yule mama nimeshaurekebisha kwenye kompyuta yangu, jina lake limekaa, na la prodyuza limekaa. Nikamtumia yule dogo faili. Hakujibu kitu, ila nimeona kwenye statasi yake ameupiga, na picha ya tagi imeonekana vizuri.

Sasa nina moja limenishinda. Kwenye kompyuta yangu linaitwa "Haijulikani 017". Dansi, dakika 7 na sekunde 42, limetoka kwenye kaseti maana mkwaruzo unasikika. Tarumbeta mbili, saksafoni moja, waimbaji wawili wanapokezana, na mmoja ana kithembe kidogo kwenye "s". Mwishoni mtangazaji anaanza kuongea, anasema "na hao walikuwa..." halafu kaseti inakatika. Yaani hapo hapo! Kipande nakipandisha kesho asubuhi. Anayeijua bendi aandike hapo chini, na aseme amejuaje. Wa kubahatisha mkae pembeni mle bisi.